Kujifunza Kompyuta Ukubwani: Mwongozo Kamili kwa Anayekwama

Mtu mzima anayeketi mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza hukishika kipanya kama mtu anayeepua sufuria bila kitambaa: kwa ncha za vidole, tayari kuachia wakati wowote. Nimekaa kando ya watu wa namna hiyo kwa miaka mingi, saa za jioni, katika chumba cha nyuma cha steshenari moja ya mjini Morogoro. Walikuwamo walimu wa shule za msingi waliotakiwa kuingiza alama za wanafunzi kwenye mfumo, wenye maduka waliochoshwa na madaftari ya madeni, akina mama wa vikoba, na wastaafu. Mmoja wa wastaafu hao, aliyekuwa karani kwa zaidi ya miaka 30, aliniuliza kabla hajagusa kitu chochote: “Mwanangu, hiki kikiharibika mikononi mwangu nani atalipa?” Nikamjibu, “Mzee wangu, hakiharibiki kwa kubonyezwa.” Akanitazama, akasema, “Basi usiondoke hapo ulipo.”

Kwa kuwafundisha watu hawa nimejiridhisha kwamba anayekwama kwenye kompyuta ni nadra kukwama kwa kutojua kitufe cha kubonyeza. Hukwama kwa sababu hajui yuko wapi: hajui ni programu ipi iliyo mbele yake, hajui kazi aliyoiandika imewekwa sehemu gani, na hajui akaunti anayoitumia ni ya nani. Kozi nyingi za mtaani huanza na vitufe na kuishia na cheti, na mwenye cheti akifika nyumbani hawezi kulipata faili aliloliandika juzi. Hatua zinazofuata zimepangwa ili kila unapokwama uwe na namna ya kujua uko wapi. Nimechukulia kwamba unatumia kompyuta yenye Windows, yaani mfumo wa Microsoft unaoiendesha mashine, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka katika ofisi, shule na maduka ya huku kwetu.

Hatua ya kwanza: jua kinachoharibika na kisichoharibika

Kompyuta huharibiwa na mambo machache yanayojulikana: chai au maji yaliyomwagika juu ya kibodi, kuanguka, umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, na vumbi linaloziba njia ya hewa hadi mashine ikachemka. Kubonyeza kitufe kisicho sahihi hakumo katika orodha hiyo. Jambo baya zaidi ambalo mwanafunzi wa siku ya kwanza anaweza kulifanya kwa kubonyeza ni kufuta kazi, na kufuta nako kuna njia ya kurudi.

Ndiyo maana somo langu la kwanza si kuandika, ni kuharibu. Fungua Word, programu ya kuandikia, andika jina lako kamili, kisha lifute lote. Sasa shikilia kitufe cha Ctrl na ubonyeze Z. Jina litarudi. Lifute tena, lirudishe tena, na ufanye hivyo mara kumi hadi mkono uzoee kwamba kosa linaweza kutenduliwa. Ongeza na kitufe cha Esc kilichoko pembe ya juu kushoto, ambacho hufunga orodha nyingi zilizojitokeza bila kuitwa. Mtu aliyeshika Ctrl na Z pamoja na Esc ana ujasiri wa kujaribu mengine yote.

Mpaka mmoja lazima uujue. Faili lililofutwa kutoka ndani ya kompyuta kwa kawaida huenda kwenye Recycle Bin, yaani pipa la taka, na hukaa humo likisubiri. Lakini lililofutwa kutoka kwenye flashi halipiti kwenye pipa hilo. Ukiwa kwenye flashi, soma mara mbili kabla ya kukubali kufuta.

Hatua ya pili: uzoeze mkono bila kuuchosha

Kipanya cha kwanza kabisa kilikuwa kijisanduku cha mbao, kazi ya Douglas Engelbart na wenzake huko California, na umma ulioneshwa kifaa hicho mwaka 1968 mjini San Francisco. Tangu hapo umbo limebadilika sana, lakini ugumu wa mwanafunzi ni ule ule: mkono uko mezani na macho yako kwenye skrini. Dawa yake haihitaji mwalimu. Cheza karata. Mchezo wa Solitaire ulipoingizwa kwenye Windows mwaka 1990, ulisaidia watu kuzoea kukamata kitu kwa kipanya, kukiburuta na kukiachia mahali panapotakiwa, na sijaona zoezi lililoupita. Mwalimu mkuu mmoja aliona aibu kucheza karata mbele ya vijana. Nikamgeuzia skrini ukutani, na baada ya siku tatu kishale cha kwenye skrini kilikuwa kinamtii.

Kinachowashinda wengi, hasa wenye umri mkubwa, ni kubofya mara mbili kwa haraka. Kidole kinachelewa, au kipanya kinasogea katikati ya mibofyo. Usihangaike nacho. Bofya mara moja ili kitu kichaguliwe, kisha bonyeza Enter kwenye kibodi; matokeo ni yale yale. Kama macho ndiyo yanayosumbua, shikilia Ctrl na ubonyeze alama ya kujumlisha ukiwa kwenye kivinjari cha intaneti, yaani programu ya kufungulia tovuti, na maandishi yatakua.

Kwenye kibodi, papasa herufi F na J: kila moja ina kinundu kidogo. Vidole vya shahada vikikaa hapo, vingine hupata nafasi yake bila kutazama. Hata hivyo simlazimishi mtu mzima kuandika kwa vidole kumi katika mwezi wa kwanza. Aandike kwa viwili kama anavyoweza, kwa sababu anayesubiri ufundi wa kuchapa kabla ya kuanza kazi yake huchoka na kuacha.

Yapo matatizo mawili ya kibodi yanayomfanya mtu adhani amerogwa. La kwanza ni nywila inayokataliwa ilhali ameiandika sawasawa. Tazama kama taa ya Caps Lock inawaka, kwani herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti kwa nywila. La pili ni kubonyeza alama ya @ ya barua pepe na kupata alama za kunukuu badala yake. Kompyuta nyingi za mitumba zimetoka Uingereza, na kibodi ya Uingereza na ile ya Marekani zimebadilishana nafasi za alama hizo mbili. Kompyuta ikidhani una kibodi ya upande mwingine, itakupa alama isiyoandikwa kwenye kitufe. Kwa siku hiyo, bonyeza Shift pamoja na kitufe chenye alama za kunukuu nawe utaipata @; kwa kudumu, ingia kwenye mipangilio ya lugha uchague kibodi inayofanana na iliyoko mezani.

Hatua ya tatu: lugha ya vitufe

Wapo wanaoniambia kwamba watajifunza kompyuta wakishajua Kiingereza. Huko ni kujifungia mlango. Maneno yanayohitajika ili kufanya kazi za kawaida hayafiki 30, na hukaa mahali pale pale kila siku. Yaandike kwenye daftari na maana zake: Open ni kufungua, Save ni kuhifadhi, Print ni kuchapa, Copy ni kunakili, Paste ni kubandika, Browse ni kutafuta faili ndani ya kompyuta, Upload ni kupakia kwenda mtandaoni, Download ni kupakua kuja kwako, Next ni endelea, Back ni rudi.

Neno moja linastahili kukaliwa kitako. Unapofunga kazi ambayo hujaihifadhi, kompyuta hukuuliza kama unataka kuihifadhi, na hukupa majibu matatu: Save, Don’t Save na Cancel. Wanafunzi wangu wengi, wakiona swali wasilolielewa, hutafuta jibu la kukataa ili wajiepushe na shari, na kwa kubofya Don’t Save wanaitupa kazi ya asubuhi nzima. Cancel, ambayo wanaiogopa kwa kudhani inafuta, ndiyo yenye usalama: maana yake ni “ghairi, nirudishe nilipokuwa.” Usipoelewa swali, bofya Cancel, kisha uombe kutafsiriwa.

Kompyuta yenyewe inaweza kuzungumza Kiswahili. Tangu mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa programu za ofisi zilizoitwa Jambo OpenOffice, jambo hilo si geni tena, na Windows nayo ina Kiswahili katika orodha ya lugha zake. Binafsi humshauri anayejifunza kwa msaada wa majirani aiache mashine katika Kiingereza kwa sasa, kwa sababu kijana atakayeitwa kumsaidia amezoea kusema “bofya Save” na atapotea akikutana na “Hifadhi”. Anayejifunza peke yake, kwa utulivu wake, na aibadilishe.

Suala jingine la lugha ni ile mistari myekundu inayojitokeza chini ya karibu kila neno la Kiswahili unaloandika kwenye Word. Hujakosea. Mashine inadhani unaandika Kiingereza kibovu. Bonyeza Ctrl na A ili uchague maandishi yote, ingia Review, kisha Language, kisha Set Proofing Language, na uchague Kiswahili, au weka alama kwenye kisanduku cha kutokagua tahajia.

Hatua ya nne: jua kazi yako imewekwa wapi

Hapa ndipo penye kilio kikubwa, na ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote. Chukulia kompyuta kama ofisi ya masijala. Kuna kabati, ndani ya kabati kuna majalada, na ndani ya majalada kuna karatasi. Diski ya kompyuta ndiyo kabati, folda ndiyo jalada, na faili ndiyo karatasi. Yule karani mstaafu aliposikia maelezo haya alicheka, akasema kwamba kumbe kazi hii ameifanya maisha yake yote.

Fanya zoezi hili leo, bila kuruka sehemu. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi E, na dirisha la mafaili litafunguka. Upande wa kushoto bofya Documents. Ndani yake bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali palipo wazi, chagua New, kisha Folder, na uipe jina lako. Sasa nenda Word, andika mistari miwili, ubonyeze F12. Litatokea dirisha la Save As, ambalo linakuuliza hasa mambo mawili: jina la faili na mahali pa kuliweka. Kwenye baadhi ya laptopu lazima ubonyeze Fn pamoja na F12. Chagua folda yako, andika jina, bofya Save. Funga kila kitu. Kisha rudi kwa Windows na E, uifuate njia ile ile hadi ulione faili lako kwa macho. Safari hii ya kwenda na kurudi ifanye kila siku kwa juma zima.

Tofauti kati ya Save na Save As huonekana siku mtu anapolia. Save huandika juu ya faili lile lile. Save As hutengeneza jingine. Mwalimu aliyefungua barua ya mwaka jana, akabadilisha tarehe na majina, akabofya Save, amepata barua mpya na ameipoteza ya zamani. Kila unapotumia kazi ya zamani kama kiolezo, anza na F12 kabla hujabadilisha hata herufi moja.

Majina nayo ni sehemu ya mahali. Nimeona kompyuta zenye mafaili yaitwayo “Doc1”, “barua”, “barua mpya”, “barua mpya halisi” na “barua mpya halisi ya mwisho”, na mwenyewe asijue ipi ilikwenda kwa mkurugenzi. Anza jina na mwaka, mwezi na siku, kwa mfano “2025-03-14 barua ya likizo”, na mafaili yatajipanga yenyewe kwa tarehe.

Ukisema faili limepotea, karibu mara zote lipo. Bonyeza kitufe cha Windows na uandike sehemu ya jina lake. Lisipoonekana, fungua Word na utazame orodha ya Recent. Likikosekana huko pia, angalia folda ya Downloads, kwa kuwa kila kinachoshuka kutoka kwenye barua pepe au WhatsApp ya kompyuta hushukia humo usipochagua pengine. Mwalimu mmoja alitafuta ripoti ya muhula kwa siku mbili, na tulipoikuta ilikuwa Downloads, kwa sababu alikuwa ameifungua kutoka kwenye barua pepe na kuendelea kuandika humo humo bila kuihamisha.

Umeme ukikatika, kilichohifadhiwa kitakuwapo na ambacho hakijahifadhiwa huenda kisiwepo. Word hujiwekea akiba ya dharura kila baada ya dakika 10 isipobadilishwa, lakini mtu mwepesi huandika ukurasa mzima ndani ya dakika hizo. Kila ukimaliza aya, bonyeza Ctrl na S. Nilijifunza tabia hiyo baada ya kupoteza kurasa 11 za ripoti ya kikundi chetu jioni moja ya mvua.

Kuhusu flashi, mambo ni mawili. Isiwe mahali pekee pa kazi yako, kwani ni ndogo, hupotea na hufa bila kuaga. Na siku utakapoichomeka na kukuta folda zako zimegeuka kuwa vijialama vyenye mshale mdogo, usikubali kijana yeyote aifomati, yaani aifute yote ianze upya. Hicho ni kirusi kinachosambaa sana kwenye kompyuta za kuchapia, na desturi yake ni kuyaficha mafaili halisi. Fundi anayejua kuyafichua ataisafisha flashi na kukurudishia kazi yako, lakini baada ya kufomati kuipata ni bahati nasibu.

Hatua ya tano: jua programu ipi iko mbele yako

Mwanafunzi akisema “imefutika yenyewe”, huwa ninamwomba ashikilie Alt na kubonyeza Tab. Mara nyingi kazi yake inaibuka ilivyo, kwa sababu ilikuwa imefunikwa na dirisha jingine au imeshushwa kwenye mstari wa chini ya skrini. Zizoee alama tatu za pembe ya juu kulia ya kila dirisha: kistari hushusha bila kufunga, kisanduku hukuza au kupunguza, na alama ya X ndiyo pekee inayofunga.

Kompyuta ikigoma, subiri dakika moja kamili kwa saa ya ukutani. Kubofyabofya huongeza foleni ya maagizo. Ndicho kinachotokea kwenye printa: mtu anabofya Print, haoni karatasi, anabofya tena mara nne, kisha printa iliyokuwa haijawashwa inawashwa na kutoa nakala tano. Ikiendelea kugoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua programu isiyojibu, na bofya End Task. Kushikilia kitufe cha kuwashia hadi mashine izime ni hatua ya mwisho kabisa.

Tukiwa kwenye kuchapa, maandishi yakitoka yamekatika au yamehama pembeni, angalia ukubwa wa karatasi. Huenda programu imepangiwa karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, nawe una A4, ambayo ina milimita 210 kwa 297. Badilisha kwenye Layout, sehemu ya Size.

Hatua ya sita: jifunze kwa kazi yako mwenyewe

Zoezi la kitabuni halimshiki mtu mzima. Kinachomshika ni kitu kinachosubiriwa na watu, na katika miaka yote hii sijapata somo zuri la Excel, programu ya majedwali na hesabu, kuliko orodha ya michango ya harusi. Safu ya kwanza majina, ya pili ahadi, ya tatu taslimu, ya nne baki. Mweka hazina wa kamati hujifunza kwa siku mbili alichoshindwa kujifunza kwa mwezi, kwa kuwa Jumamosi ataulizwa mbele ya kikao.

Yatakukuta makwazo matatu. Ukiandika kiasi kama tulivyozoea, 50,000/=, Excel itaona maneno badala ya namba, na itakapojumlisha haitakihesabu. Jumla itapungua bila onyo lolote, na kamati itamtazama mweka hazina kwa jicho baya. Utagundua kosa kwa kuangalia upande: namba hukaa kulia ya kisanduku, maneno hukaa kushoto. Andika 50000 peke yake. Kwazo la pili ni namba za simu, ambazo hupoteza sifuri ya mwanzo kwa sababu Excel inaona sifuri hiyo haina thamani. Weka alama ya ritifaa (') kabla ya namba na itabaki. La tatu ni kisanduku kujaa alama za #####, ambazo maana yake ni kwamba safu ni nyembamba mno. Sogeza kishale hadi mpaka wa safu hiyo kule juu kwenye herufi zake, na ubofye mara mbili ipanuke.

Ili kujumlisha watu 40 kuanzia mstari wa pili, nenda chini ya safu C, yaani ile ya tatu ya taslimu, andika =SUM(C2:C41) na ubonyeze Enter. Akiongezeka mtu wa 41 kwa kuandikwa chini ya jumla, hatahesabiwa. Mwingize katikati ya orodha, kwa kubofya kitufe cha kulia kwenye namba ya mstari na kuchagua Insert, ili fomula ijinyooshe yenyewe.

Hatua ya saba: mtandaoni, jua akaunti ni ya nani

Tatizo hili haliandikwi kwenye vitabu vya kompyuta, ingawa limewagharimu watu ajira. Mtu anakwenda steshenari kuomba kazi au mkopo wa chuo, hana barua pepe, na kijana wa dukani anamfungulia moja kwa kutumia namba ya simu ya dukani na nywila anayoijua yeye. Miezi mitatu baadaye mwombaji anaitwa kwenye usaili kwa barua pepe hiyo, hawezi kuifungua, na kijana amehama mji. Fungua akaunti yako kwa namba yako mwenyewe, simu ikiwa mkononi, na nywila uiandike wewe huku msaidizi akitazama pembeni. Iweke kwenye daftari linalokaa nyumbani. Wataalamu wengine hawapendi nywila iandikwe, lakini kwa mtu mzima anayeanza, daftari lililofungiwa kabatini ni salama kuliko nywila moja dhaifu inayotumika kila mahali.

Ukitumia kompyuta ya watu wengi, usinyanyuke kabla ya kufanya mambo matatu: toka kwenye akaunti kwa kubofya Sign out, futa vyeti na kitambulisho ulivyoviacha Downloads na kwenye uso wa skrini, kisha umwage pipa la taka. Nimewahi kukuta kwenye kompyuta moja ya kukodi vyeti vya kuzaliwa, barua za wadhamini na picha za vitambulisho vya watu wasiojuana, vyote wazi kwa yeyote aliyelipia dakika 30.

Bando nalo huwakatisha tamaa wengi, hasa wanaounganisha kompyuta na simu. Windows hujipakulia masasisho kimyakimya, na bando la juma likaisha usiku mmoja. Ukishaunganisha, ingia Settings, kisha Network, ufungue jina la mtandao wako na uwashe Metered connection; kompyuta itapunguza upakuaji wake mwenyewe. Masasisho yenyewe yafanye mahali penye mtandao usio wa kipimo, maana yanaziba matundu ya wadukuzi.

Dirisha likijitokeza kwa kelele na rangi nyekundu, likidai kompyuta ina virusi na kukutaka upige namba fulani, lifunge. Likikataa kufungika, tumia Ctrl, Shift na Esc kama ilivyoelezwa juu.

Hatua ya nane: mashine isikukwamishe

Kabla ya kujilaumu kwa uzito wa kuelewa, hakikisha mzito ni wewe na si kompyuta. Anayenunua mtumba Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi aulize kuhusu diski kabla ya rangi na wembamba: diski ya SSD, aina yenye kasi kuliko ile ya kuzunguka, kwenye mashine ya zamani huleta wepesi unaoonekana tangu kuwasha, na fundi anaweza kuibadilisha. Kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) iwe walau GB 8, ingawa 4 hutosha kwa barua na hesabu. Ujue pia kwamba Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo muulize muuzaji kama mashine inapokea Windows 11.

Hatua ya tisa: namna ya kuomba msaada

Sharti langu la kwanza kwa anayemsaidia mwanafunzi ni kwamba asishike kipanya. Kijana mwepesi akikishika, hubofya mara saba kwa sekunde nne na kusema “tayari, baba”, na baba habaki na chochote. Mwambie bila kuona haya: “Niambie, nitabofya mwenyewe.” Likitokea onyo usilolielewa, usilifunge, lipige picha kwa simu, kwa sababu “imeandika kitu kirefu” haimsaidii fundi, ila maneno yenyewe yatamwelekeza. Na kabla ya kumwita mtu, jiulize yale matatu: niko kwenye programu gani, faili langu liko wapi, na akaunti hii ni ya nani. Nusu ya wanaoninyooshea mkono huushusha wakifika kwenye swali la pili.

Tenga dakika 30 kila siku badala ya saa nne za Jumamosi. Baada ya juma la nne jipime hivi, ukiwa peke yako chumbani: andika barua ya nusu ukurasa, ihifadhi kwenye folda yako kwa jina lenye tarehe, izime kompyuta, iwashe, itafute, irekebishe kwa Save As, igeuze kuwa PDF, faili ambalo mpangilio wake haubadiliki likifunguliwa kwingine, kwa kuchagua aina hiyo kwenye dirisha la F12, na uitume kwa barua pepe kwa mtu aliye mbali. Kisha mpigie simu umwulize kama imefunguka.